Bwana Shamba na Televisheni Iliyopauka

Kama hujawahi kugombana na mtu juu ya rangi ya nyanya, basi hukuwahi kuwa jirani wa Bwana Shamba. Mimi nilikaa naye hapa Kibomet miaka mingi, ua mmoja, mfereji mmoja wa maji, na nilikosana naye kwa sababu ya nyanya, kwa sababu ya kabichi, kwa sababu ya midomo ya watangazaji wa habari, na mwishowe kwa sababu ya sura ya mke wake mwenyewe, Mungu amlaze pema. Hakuna siku alikubali ameshindwa. Mpaka leo nikimkumbuka, damu inapanda kwanza, moyo unalainika baadaye.

Jina lake silitaji. Hata ungemwita kwa jina hangegeuka. Mtaa mzima ulimwita Bwana Shamba kwa sababu kabla ya kustaafu alikuwa afisa wa kilimo, wale wa kuingia kwenye mashamba ya watu na buti za mpira na kuwaambia makosa yao. Kazi iliisha, buti zikabaki, na ile tabia ya kukagua ikabaki. Ukimpa chai, anaiangalia kwanza kwenye mwanga kama mkojo wa hospitali.

Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wa gredi, wengine mashine ya kusaga mahindi. Yeye alienda mjini Kitale akarudi na televisheni kubwa kama kabati la vyombo, deki ya kaseti, spika tano, na dude jeusi la kukaa sakafuni la kutikisa ukuta. Mke wake, Mama Nafula, alisimama mlangoni mikono kiunoni akiangalia vijana wakishusha.

"Na hii," akauliza, "inakamuliwa saa ngapi?"

Vijana wa mtaa waliita hiyo kitu hom thieta. Sisi tulifurahi, tukajua sinema imetufikia mlangoni. Siku aliyotukaribisha tulienda na viti vyetu. Akafunga mapazia mchana mweupe, akawasha. Jamani! Picha ilikuwa imepauka kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba tangu Krismasi. Nyasi zilikuwa nyasi tu. Watu walikuwa weusi wa kawaida, kama sisi tuliokaa pale. Niliingoja kidogo nikidhani mashine bado inapata moto.

"Bwana Shamba, hii kitu ni mgonjwa?"

"Iko sawa."

"Mbona haina rangi?"

"Ina rangi yote iliyopewa."

"Basi ilipewa kidogo, bana. Si uongeze!"

"Mama Barasa," akaniambia bila kugeuka, "dukani waliiweka rangi ya kuuzia. Mimi nimeitoa."

Ati rangi ya kuuzia. Alitueleza kwamba kule dukani televisheni zimepangwa ukutani, na kila moja inapiga kelele ishinde ya jirani, kama wanawake wa soko siku nyanya ni nyingi. Ukiifikisha nyumbani, kazi yako ya kwanza ni kuinyamazisha. Yeye alishinda wiki nzima akiinyamazisha ya kwake, anapunguza hapa, anapunguza pale, mpaka ikabaki inanong'ona. Sisi na viti vyetu tukarudi nyumbani.

Alikuwa na misemo yake. "Picha ni shahidi, si wakili." Huo aliusema kila mara mtu akitaka aongeze rangi. Mwingine ulikuwa, "Ngozi kwanza, nyasi baadaye." Maana yake ni kwamba ukitaka kujua kama televisheni inasema ukweli, usiangalie maua wala magari. Angalia uso wa mtu. Uso wa mtu tunaujua sote, ukikosea kidogo tu utasikia mwili wako umekataa. Weka uso uwe sawa, na nyasi zitajipanga zenyewe.

Na uso aliotumia kupimia ulikuwa wa Mama Nafula. Wakati binti yao Nafula aliolewa, harusi ilifanywa kwao Myanga, wakakodi mtu wa video na taa yake kubwa, akawapiga picha kuanzia asubuhi. Kwa hiyo kwenye kaseti Mama Nafula yuko, amevaa gauni la manjano, anapita na sinia, anaimba na wanawake wenzake. Sasa Bwana Shamba alikuwa anaweka ile kaseti, anasimamisha picha kwenye uso wa mke wake, halafu anamwita mke mwenyewe kutoka jikoni aje akae kwenye kigoda kando ya skrini. Uso mmoja kwenye kioo, mwingine kwenye kigoda. Anaangalia huu, anaangalia ule, anabonyeza rimoti.

Nilimkuta hivyo siku moja nimeenda kuomba chumvi. Mama Nafula ameshika mwiko, ugali unaungua huko nyuma, harufu imejaa.

"Mama Barasa, niambie," akanililia. "Mimi niliolewa ama nilichukuliwa kipimo?"

"Tulia, mayi," mume akamwambia. "Usicheke. Ukicheka shavu linabadilika."

"Shavu langu! Shavu langu unalijua tangu nikiwa msichana, leo unaliuliza kwa televisheni?"

Lakini alitulia. Alikuwa akimlalamikia na kumtii kwa pumzi moja, yule mama. Na siku hiyo mume alipomaliza, niliangalia nikaona, kweli, uso wa kwenye kioo na uso wa kwenye kigoda ulikuwa mmoja. Nilisema ni sawa. Nilisema pia inachosha, kwa sababu kama ni Mama Nafula tu nilitaka kuona, ningemwona kwenye mfereji bila umeme.

Hapo ndipo tulikuwa tunagombana. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa kulea wadogo zangu, sijui vitabu. Lakini najua kitu kizuri. Mgeni akija tunapaka nyumba udongo mpya. Tukienda harusini tunajipaka mafuta mpaka miguu inang'aa. Bibi harusi anafanyiwa uso mpaka mama yake anamtafuta. Nilimwuliza Bwana Shamba, sasa sisi sote ni waongo? Kwa nini televisheni peke yake ndiyo itoke nje na miguu ya vumbi?

"Bibi harusi akijipaka, ni yeye amejipaka," alinijibu. "Mimi nikimpaka na rimoti, nimemwingilia."

Aliniudhi kwa sababu jibu lilikuwa limekaa vizuri, na bado halikunipa rangi.

Kila kitu alikitolea sababu. Wewe unataka picha ikatwe kali, mtu aonekane hata ukucha, yeye amepunguza ukali mpaka chini kabisa. Anakwambia, tazama, ukiuongeza kunatokea mstari mweupe kuzunguka watu, kama mtu amechorwa na chaki. "Wewe una mstari?" ananiuliza. "Toka nje nikuangalie. Huna." Ukimpelekea filamu yenye mikanda myeusi juu na chini, vijana wanataka avute picha ijaze kioo, yeye hataki. Nikamwambia, umenunua televisheni nzima unatazama nusu, kama mtu amenunua shati akavaa mkono mmoja. Akasema aliyepiga ile picha aliona hivyo, upana huo, na ukivuta unakata watu wa pembeni. "Nani alikupa ruhusa ya kufukuza watu kwenye picha ya mwenyewe?" Vijana wakaitazama mikanda myeusi dakika chache, wakaniaga mimi, nyanya yao wa mtaa, badala yake: "Kukhu, sisi tunaenda Tuwan."

Tuwan kulikuwa na mwanamume mmoja na ukumbi wake wa video, na televisheni yake ndiyo iliyokuwa televisheni. Uwanja wa mpira ulikuwa kijani kama rangi ya mlango. Jezi nyekundu ziliuma macho. Mimi mwenyewe nilienda Jumamosi moja mchana, na nikamvuta Bwana Shamba, nikijua akiona kitu kizuri kwa macho yake atarudi nyumbani aongeze ya kwake. Alikaa kimya, mikono juu ya fimbo. Nikaanza kuwa na matumaini. Halafu mchezaji mmoja mzungu akaletwa karibu, uso umejaa kioo, na Bwana Shamba akainua sauti watu wote wakasikia:

"Huyu kijana ana homa ya manjano?"

"Buda, tulia," kijana mmoja akamwambia.

"Wamtoe uwanjani. Ini limekwisha."

"Niaje, nani ameleta huyu mzee?"

Wakaniangalia mimi. Mwenye ukumbi akaja akatuambia kwa heshima kwamba wazee wanaona vizuri zaidi wakiwa nyumbani. Niliona haya mpaka Kibomet. Yeye njiani alikuwa anatikisa kichwa, ananihurumia mimi.

Nadhani ile kazi yake ya zamani ndiyo ilimharibu, kama unaweza kuita kuharibu. Maisha yake yote alilipwa kuangalia rangi. Anaingia kwenye mahindi, anashika jani, na jani linamwambia. Likiwa na njano inayoanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati, mahindi yana njaa ya naitrojeni. Likiwa zambarau pembeni, ni fosforasi. Watu wa Trans-Nzoia wanaishi kwa mahindi, na mtu akikosea rangi ya jani, nyumba nzima inakosa karo na chakula. "Jani halina siasa," alikuwa anasema. Kwa hiyo akizeeka akaketi mbele ya kioo, alikiangalia kioo kama jani. Hilo nilielewa. Kuelewa hakukupunguza hasira.

Tena si kwamba alikuwa mkweli mahali pote! Huyo mtu wa ukweli alipaka nywele kanta. Kila mwisho wa mwezi alifunga mlango, akatoka na kichwa cheusi kama chini ya sufuria, na paji la uso lenye doa. Na juu ya ile televisheni, ukutani, aliweka picha yake ya studio ya ujana, ambayo mpiga picha amemsugua uso mpaka amekuwa mweupe kama Mhindi, na nyuma yake kuna mlima wenye theluji ambao hauko Kenya hii. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Na hii, Bwana Shamba? Hii ni shahidi ama wakili?"

"Hiyo ni ukumbusho," akasema.

"Ukumbusho wa nani? Huyo wewe humjui."

Akacheka kidogo kwa pua, akaongeza sauti ya habari. Na mazishini alikuwa mtu wa kwanza kusimama kumsifu marehemu ambaye sote tulijua alikuwa mlevi na mchokozi. Chapati zangu alizisifu kwa maneno matamu, mbwa wake akanenepa. Alikuwa na ulimi wa kuongeza rangi kama sisi wote. Ila macho, hapana. Macho yake aliyaweka kando kama sahani za wageni.

Mama Nafula alishikwa na sukari, akaugua muda mrefu. Bwana Shamba alimwuguza mwenyewe. Alimwosha miguu, akamlisha uji, akakaa naye pale sebuleni mchana, yeye kwenye kiti, mama kwenye godoro karibu na dirisha. Televisheni ilizimwa kabisa siku hizo. Tulimzika Myanga. Nafula, ambaye alikuwa ameolewa Bungoma mjini, alimwomba baba yake ahamie kwake. Akakataa, akarudi Kibomet peke yake.

Baada ya matanga akaanza kuweka kaseti ya harusi kila siku. Hapo sikumsema. Kila mtu analia na kitu chake.

Halafu kidogo kidogo nikaona jambo. Kioo chake kilianza kung'aa! Nikipita uani mwanga unatoka dirishani kama mtu anachomelea vyuma. Nikaingia, nikaona picha nyeupe, kali, inawaka. Nilipiga makofi. Nikasema Mungu ni mkubwa, miaka yote hii, mzee amekubali.

"Umeongeza!" nikamwambia.

"Sijaongeza kitu."

"Bwana Shamba, inawaka kama karabai."

"Imezeeka, Mama Barasa. Televisheni ikizeeka inaingia giza na inakuwa njano. Mimi nairudisha tu mahali ilikuwa."

Nikakaa niangalie na furaha yangu. Furaha haikukaa. Watu wote kwenye kioo walikuwa na rangi ya maji ya nili. Mtangazaji alikuwa wa bluu. Akaweka kaseti, na Mama Nafula akatokea na sinia lake, na mimi nikashika mdomo. Alikuwa kama mtu aliyetolewa mtoni. Lile gauni la manjano lilikuwa jeupe baridi, kama shuka ya hospitali.

"Umemfanya nini?" nikauliza.

"Nani?"

"Mke wako! Amekuwa bluu!"

Alinigeukia pole pole. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. "Mama Barasa, umetaka niongeze rangi miaka yote. Leo unanifundisha rangi ya mke wangu?"

Nilitoka bila kuaga.

Ningeacha hapo, maana mtu na kioo chake. Lakini msimu huo aliingia kwenye shamba langu. Nilikuwa na kipande nyuma ya nyumba, mahindi yamenifikia kiunoni, kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi. Majirani walikuwa wananiuliza nimeweka nini. Bwana Shamba akapita na fimbo yake, akashika jani, akasogeza karibu na pua, akasikitika.

"Hii ina njaa. Njano tupu. Tia mbolea ya kukuzia, usikawie."

"Njano iko wapi?"

"Hii hapa, yote."

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika jani la kijani kuliko yote katika mtaa, na uso wake ulikuwa ule wa kazi, ule uliookoa mashamba ya watu. Nikawaza, huyu akienda kwa mwingine, mwingine atamsikiliza.

Mjukuu wangu Nekesa wakati huo alikuwa anasomea uuguzi. Nimemlea mimi, kwa mikono hii, kwa kuuza mboga na mandazi, na leo ni muuguzi kamili, mkitaka kujua. Alikuja likizo, nikamweleza habari ya televisheni, habari ya mahindi. Hakucheka. Alienda kumwamkia mzee, wakazungumza mlangoni juani, na akirudi aliniambia, "Kukhu, si televisheni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kioo cha ndani ya jicho kimekuwa kama chai ya rangi. Kila kitu anakiona kupitia hiyo chai. Akiachwa, mwishowe hataona hata mlango."

"Na inatibika?"

"Inatibika. Wanatoa kile kichafu wanaweka safi. Lakini asikae sana."

Basi nikadhani kazi imekwisha. Dawa iko, ugonjwa unajulikana, mtu ana akili. Nani asiyeenda? Mwenyewe! Nilimwambia jua likiwaka na mvua ikinyesha. Alisema macho yake yalikaguliwa na serikali. Alisema daktari atamtoboa. Kanisani wakaleta madaktari wa macho, watu wakapanga foleni mpaka barabarani, yeye akapita ng'ambo ya pili amebeba kabichi, hata kichwa hakugeuza. Nikamkimbilia.

"Bwana Shamba, wewe uliwaambia watu wang'oe mahindi yao mazima kwa sababu ya doa kwenye jani, na waling'oa! Leo wewe unaambiwa una doa, unanunua kabichi?"

"Nekesa ni mtoto."

"Nekesa amesoma!"

"Hata waliounda televisheni ya Tuwan wamesoma."

Niambie, ungemfanya nini mtu kama huyo? Nilikuwa natamani kumchapa na ile kabichi.

Ni Nekesa aliyempata, na hakumpata kwa kelele. Alikaa naye kwenye benchi mbele ya nyumba, akamwambia taratibu, "Kuka, ile kaseti unaipenda. Lakini kukhu wangu, na mimi, na Nafula, tunamwona Mama Nafula vizuri kuliko wewe. Wewe unamwangalia kupitia dirisha chafu." Siku chache baadaye mzee alimpigia Nafula simu, akamwambia amtumie pikapu. Akahama Kibomet na televisheni yake imefungwa kwa blanketi, yeye amekaa nyuma akiishikilia kama mgonjwa.

Bungoma walimtengeneza jicho la kulia. La kushoto akaambiwa arudi likipona la kwanza.

Nilienda kumwona likiwa limepona, nimebeba maziwa ya mursik na kuku. Nafula alinipokea mlangoni, amechoka usoni.

"Afadhali umekuja, mama," akasema. "Labda wewe atakusikia."

Nilimkuta Bwana Shamba kwenye chumba chake cha nyuma, mbele ya televisheni yake ile ile. Alinitazama, akanitazama tena.

"Mama Barasa," akasema, "kumbe umezeeka hivi."

"Asante. Na wewe kumbe umerudi kuona."

Alinisimulia huku anatikisa mkono kwa hamu kama kijana. Siku waliyofungua bandeji, alisema, shuka ilikuwa nyeupe mpaka akaogopa. Sare ya muuguzi ilikuwa bluu, bluu yenyewe, rangi aliyokuwa ameisahau kama iko. Alifika nyumbani akawasha kaseti, akamwona mke wake jinsi alivyokuwa amemwacha kwenye kioo, akapiga kelele. Akamuuliza Nafula ni nani amefanya hivyo. Nafula akamwambia, ni wewe, baba. Alishinda siku hiyo anarekebisha, anapunguza, ananyamazisha, mpaka akafika.

"Niangalizie," akaniambia. "Wewe ulimjua."

Akaweka kaseti. Mama Nafula akapita na sinia lake. Nilikaa kwenye kitanda bila kukaribishwa. Gauni lilikuwa manjano lenyewe. Uso ulikuwa uso, ile rangi ya udongo wa Myanga mvua ikitoka kunyesha, na ule weusi kidogo chini ya macho. Miaka yote nilitaka aongeze, na hapo sikutaka aongeze hata punje.

"Ni yeye," nikasema. "Bwana Shamba, ni yeye kabisa."

Nafula mlangoni akaitikia, "Ni mama."

Bwana Shamba hakufurahi. Alitazama kioo. Halafu akainua kiganja akafunika jicho lililotengenezwa, akatazama na lile la zamani. Akakaa hivyo. Akashusha kiganja, akatazama na jipya. Akafunika tena.

"Huyo mnayemwona," akasema, "ni mzuri. Ni sawa kabisa, nimempima. Ila mimi simjui."

"Humjui vipi?"

"Mimi niliyekaa naye pale dirishani, nikamlisha, nikamfumba macho, nilimwona na hili." Aligusa shavu chini ya jicho la kushoto. "Alikuwa wa dhahabu kidogo. Kama jioni. Yeye, godoro, kikombe, vyote. Nikifungua hili jipya anakuwa mama wa harusi ya watu. Nikifunika, ni mke wangu amerudi."

"Ndiyo maana hataki kurudi kwa daktari," Nafula akasema. "Siku ya la pili ilipita, hakwenda. Wamempa nyingine, hataki."

"Wakisugua hili watamtoa," mzee akasema.

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Nilimwambia yote, na Nafula akisikia. Nilimwambia alitunyima rangi miaka yote kwa sababu ya ukweli. Alimkalisha mke wake kwenye kigoda ugali ukiungua, kwa sababu ya ukweli. Alinifukuzisha Tuwan mbele ya watoto wa watu. Na sasa ukweli umemjia ndani ya kichwa chake, daktari ameuweka kwa mkono, yeye anaufunika na kiganja ili aone chai! Nilimwambia ni mjinga. Bado nasema alikuwa mjinga, na nilimwambia kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Hiyo ndiyo iliniumiza, kwa sababu yule mtu hakuwahi kuniachia neno la mwisho.

"Nekesa alisema hilo litakufa," nikamwambia, sasa polepole. "Halitakaa hivyo. Litaingia giza lote. Na likifa, Bwana Shamba, huyo wako utamwona na nini?"

Kiganja kilikuwa kimerudi juu ya jicho jipya. Alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa kioo, na mkono wake mwingine aliuinua, akaniwekea kidole nisubiri.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hapa ndipo anacheka."